Datsun 240Z: mjini imetulia, barabara kuu inachemsha

SWALI: Habari fundi. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na mzee wangu. Nikiwa Nairobi, hata kwenye foleni, sindano ya joto inakaa katikati. Nikishika barabara ya Mombasa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hasa kutoka Mtito Andei kwenda Voi, sindano inapanda mpaka naogopa. Nikipunguza hadi 60 inarudi chini. Fundi wangu ametoa themostati, amefunga rejeta mpya nene ya alumini na feni mbili za umeme, ameondoa bati lililokuwa chini ya pua ya gari, na ameinua boneti kidogo upande wa kioo ili joto lipate pa kutokea. Mbele nimefunga taa nne kubwa za rali. Hali haikubadilika, tena naona imezidi. Sasa anataka kutoboa boneti. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Na kabla hujamlipa tena, mwambie arudishe bati lile na aishushe boneti ilivyokuwa.

Barua za namna hii nazipata mfululizo, na karibu zote zina hadithi moja: gari lilichemsha, fundi akaanza kufungua. Akafungua chini, akafungua juu, akatoa hiki, akatoa kile, kwa imani kwamba kadiri injini inavyokuwa wazi ndivyo inavyopoa. Imani hiyo ndiyo inayoharibu magari haya ya zamani kuliko umri wao. Hewa haipiti ndani ya rejeta kwa sababu kuna nafasi. Inapita pale tu msukumo wa mbele ya rejeta unapokuwa mkubwa kuliko wa nyuma yake. Ukiongeza msukumo wa nyuma, hata kwa kutoboa tundu ulilodhani ni la kutolea joto, umepunguza hewa inayopita.

Msukumo wenyewe ni mdogo sana, na hili mafundi wengi hawalijui. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo wote unaogonga pua ya gari unaweza kuinua maji ndani ya mpira mwembamba kwa sentimita 4 hadi 5 tu. Kwa kilomita 50 ni robo ya hapo. Hizo sentimita chache ndizo zinazopaswa kuisukuma hewa ipenye mapezi ya rejeta, vile vibati vyake vyembamba, izunguke injini na itoke chini ya gari. Hakuna akiba ya kuchezea.

Sasa tazama alichofanya fundi wako. Sehemu ya chini ya kioo cha mbele, pale boneti inapoishia, ni mahali ambapo hewa hubanwa gari likiwa kwenye mwendo. Ndiyo maana watengenezaji huweka hapo matundu ya kuingizia hewa kwa abiria, na Datsun yako inayo. Ukiinua boneti mahali hapo, kwenye foleni utaona joto likitoka, na fundi atakuonyesha kwa fahari. Ukifika 100 upepo unageuka: hewa inaingia kwa nguvu pale pale, inajaa kwenye chumba cha injini na kuizuia ile inayotaka kupita kwenye rejeta. Bati la chini nalo halikuwekwa kwa ajili ya kuzuia matope peke yake. Linazuia hewa ya chini ya pua isipande nyuma ya rejeta, na linaifanya ile ya ndani ivutwe itokee chini kwa nyuma. Ameliondoa, kwa hiyo sasa rejeta inasukumiwa hewa kutoka pande zote mbili.

Juu ya hayo kuna rejeta nene. Kadiri rejeta inavyonenepa ndivyo inavyohitaji msukumo zaidi kupitisha kiasi kile kile cha hewa, na msukumo huo ameshauua. Feni mbili za umeme zilizobebwa na bamba bapa huruhusu hewa kupita kwenye yale matundu mawili ya duara tu. Eneo lililobaki la rejeta limezibwa na plastiki. Kwenye foleni feni zinafanya kazi vizuri, ndiyo sababu mjini sindano imetulia. Kwenye barabara kuu feni hizo hizo zinageuka pazia. Taa nne nazo zimekaa mbele ya grili, mahali ambapo hewa ingeingilia.

Kwa nini ukiwa 60 sindano inashuka? Nguvu ya kupasua upepo huongezeka kwa mchemraba wa mwendo. Kutoka 60 hadi 100 sehemu hiyo ya kazi ya injini inaongezeka zaidi ya mara nne, na joto linalomwagwa kwenye maji linapanda nayo. Hewa inayopita kwenye rejeta haiongezeki hivyo. Gari linalochemsha likiwa limesimama, kwanza shuku feni. Linalochemsha kwenye mwendo, kwanza tafuta hewa inakokwepea.

Na si gari baya. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, katika joto na vumbi la Afrika Mashariki. Injini ya L24, ya sentimita za ujazo 2,393, inapoa vizuri ikiwa hewa imeongozwa pale inapotakiwa.

Anza na sifongo. Simama mbele ya gari, mulika tochi kuzunguka rejeta: kushoto, kulia, juu, chini. Kila mwanya unaoona ni njia ya mkato, na hewa itaifuata kabla haijapenya mapezi. Ziba kwa vipande vya sifongo ngumu au mpira, na penye nafasi kubwa kata bati jepesi la alumini. Kazi hii ni ya shilingi chache na mchana mmoja, na nimeona ikishinda rejeta za bei ya kutisha. Mianya hiyo inadhuru hata gari likisimama: hewa ya moto iliyokwisha pita inazunguka na kurudi mbele. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa nyuzi 30, tofauti ni 60. Hewa hiyo ikirudi ikiwa 50, tofauti imebaki 40, na theluthi ya uwezo wa rejeta imepotea bila kitu chochote kuharibika.

Halafu rudisha bati la chini. Kama limepotea, chonga jingine. Rudisha boneti na mpira wake. Hamisha taa pembeni au chini ya njia ya hewa. Kama feni ya asili na kava lake la mviringo bado vipo, virudishe. Ukitaka kubaki na feni za umeme, bamba liwe na milango ya mpira inayofunguka kwa upepo, na hakikisha waya hazikugeuzwa: weka karatasi mbele ya rejeta gari likiwa limesimama, injini ikiunguruma na feni zikizunguka. Ikinata, feni inavuta. Ikipeperuka, inasukuma kinyume, na hilo nakutana nalo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Ukisha maliza, pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uupinde kama herufi U, utie maji yenye rangi, ncha moja mbele ya rejeta na nyingine nyuma yake, mwenzako asome wewe ukiendesha. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili za mpira ndiyo jibu lako. Usipokuwa na kipimo hicho, boneti isiguswe na drili. Matundu ya boneti yanaweza kusaidia, lakini yakiwa mahali ambapo msukumo juu ya boneti ni mdogo, kwa kawaida upande wa mbele, nyuma kidogo ya rejeta. Yakiwa karibu na kioo yatafanya alichofanya fundi wako, na bati lililotobolewa halirudi.

Sasa themostati, ambayo inanikera kuliko yote. Imeenea kote, gereji kubwa na za juakali: gari likichemsha, toa themostati. Ni mlango mdogo unaoyaachia maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto; kazi yake ni kuweka sakafu ya joto, si dari. Ikishafunguka haipandishi joto, na kama imekwama unanunua nyingine. Katika injini nyingi za Toyota ni mbaya zaidi: themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya pembeni, na ukiitoa, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Na kwenye Datsun yako, bila themostati, asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, kabureta zinamwaga petroli nyingi, oili inachanganyika na petroli na kuwa nyepesi, na ringi zinalika. Rudisha ya nyuzi 82.

Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Nairobi maji yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzi 95. Mfuniko mzima wa msukumo wa baa 0.9 unayapeleka hadi karibu 115. Uliochoka hauyapeleki popote. Na mapezi ya rejeta usiruhusu yaoshwe kwa pampu ya kuoshea magari: yanalala na kuziba. Maji ya mpira wa bustani, kutoka nyuma kwenda mbele, yanatosha.

Nawaambia na wenye Supra, Celica, RX-7 na MR2 walioniandikia mwezi huu: fundi anayetibu joto kwa kutoa vitu hajui vile vitu vinafanya nini. Atatoa themostati, kisha kava la feni, kisha bati, na kila mara gari litaonekana kupona kwa siku mbili kwa sababu amelijaribu mjini. Halafu unakwenda safari. Hedi ya L24 ni ya alumini juu ya bloku ya chuma. Ikizidiwa na joto inapinda, gasketi inaungua, na spea za gari hili haziko dukani Kirinyaga Road zikikusubiri. Kila kilichotolewa kwenye gari lako mwaka huu, dai urudishiwe mkononi leo, pamoja na bolti zake.