Muulize Fundi: Kadi ya laki sita na nusu, nichukue?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ile ndefu, prosesa ya i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 16 na kadi ya picha ya GTX 1050 Ti. Juzi nimenunua TV ya 4K, inchi 43. Gemu ya GTA V nikiiweka 4K inakwamakwama. Kuna jamaa ananiuzia kadi ya RTX 3060 iliyotumika kwa 650,000. Nichukue? — Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pesa usitume kwanza. Fungua mfuniko wa ubavuni usome kibandiko cha pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Mashine hizo huja na wati 275. Kadi yako inakula wati 75 tu, na zote inazipata kwenye mazabodi (ubao mkuu) bila waya wa pembeni. Ndiyo maana imekaa humo kwa amani. RTX 3060 inakula wati 170, inataka waya wake wa umeme, na NVIDIA wenyewe, waliobuni kadi hiyo, wanashauri pawasaplai ya wati 550.

Utaambiwa kuna kiwaya cha kuchota umeme kwenye laini ya hadidiski. Nami niliambiwa hivyohivyo, nikafunga, nikawasha gemu. Hata dakika kumi hazikufika, chumba kikanuka plastiki. Plagi iliyeyuka ikagandana na kadi, nikaikata kwa koleo.

Isitoshe, bado hujui anayekukwamisha ni nani. Shusha pikseli za gemu (nukta za picha) hadi 1280 kwa 720, ucheze mtaa uleule. Fremu (picha zinazopita kila sekunde) zikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Zikibaki palepale, prosesa imechoka, na kizazi hicho ni cha 2012, hata sishangai.

Kwa sasa rudisha gemu 1080p, yaani 1920 kwa 1080. 4K ni pikseli 8,294,400, mara nne kamili ya 1080p, yaani kadi yako ndogo unaibebesha magunia manne badala ya moja. Mimi nikikaa kwenye kochi, mita mbili na nusu kutoka kwenye TV kama yako, tofauti naiona nikiitafuta.

Hiyo 650,000 ifanye mwanzo wa mashine nyingine: kasha, pawasaplai ya maana, prosesa ya karibuni. Kadi iwe ya mwisho, na 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12 bado ningeipokea. Jamaa akikuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwambie amuuzie.