Toleo la linta libadilike mkiamua nyinyi

Mchangiaji mpya amerekebisha mistari mitatu, ametuma PR (ombi la kuunganisha mabadiliko yake), na CI (mfumo unaokagua msimbo kiotomatiki) imewaka nyekundu kwa makosa yaliyo kwenye faili ambazo hakuzigusa. Ukichunguza, mara nyingi utakuta kwenye vitegemezi (programu ambazo mradi unazihitaji) linta ya Python iitwayo Ruff, yaani programu inayokagua msimbo kwa kanuni, imeandikwa `ruff>=0.4`, toleo lolote kuanzia 0.4, na toleo lenye kanuni mpya limetoka jana yake. Hana kosa, ila usumbufu wote unamwangukia yeye, na huenda asirudi tena.

Funga toleo kamili, namba zote tatu: `ruff==0.6.9`. Maktaba ya programu ina haki ya kuacha nafasi kwenye vitegemezi vyake vingine, kwa kuwa watumiaji wake wana matoleo yao. Linta haimfikii mtumiaji, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiachia. Kwa JavaScript, hifadhi `package-lock.json`, faili inayorekodi matoleo kamili, ndani ya Git, na CI itumie `npm ci`, inayosakinisha matoleo hayohayo. Pia usidhani kwamba namba ya kwanza isipobadilika uko salama: kwenye Ruff, ambayo matoleo yake huanza na 0, mabadiliko yanayovunja mambo huja kwenye namba ya kati.

Tatizo linalosumbua zaidi ni toleo kuandikwa sehemu mbili. `.pre-commit-config.yaml` (mipangilio ya pre-commit, zana inayoendesha linta kabla ya komiti) ina `rev: v0.6.9`, faili ya vitegemezi ina namba nyingine, na mtu anapita ukaguzi kwenye kompyuta yake kisha anakwama CI. Nashauri CI iendeshe `pre-commit run --all-files` na linta isitajwe kwingine kokote. Mkilazimika kuwa na sehemu mbili, andika `required-version = "==0.6.9"` chini ya `[tool.ruff]` kwenye `pyproject.toml`, mwenye toleo tofauti ataambiwa papo hapo.

Kupandisha toleo kuwe na PR yake pekee, baada ya kuunganisha zile zilizokwisha kukaguliwa. Komiti ya kwanza ibebe namba mpya na mipangilio; ya pili ibebe tu yale yaliyoandikwa na `ruff check --fix` na `ruff format`, bila mkono wa mtu. Kanuni mpya ikitoa mamia ya makosa, izime kwanza kwenye mipangilio na uifungulie tiketi. Kutawanya `# noqa` (alama inayoiambia linta iupuuze mstari) kila mahali ni deni ambalo hakuna atakayelilipa.

Kisha linda historia: andika hashi (kitambulisho) kamili ya komiti ya pili, herufi 40, kwenye `.git-blame-ignore-revs`, ili `git blame`, amri inayoonyesha nani alibadilisha kila mstari, iiruke komiti hiyo. GitHub huisoma yenyewe ikiwa kwenye mzizi wa mradi. Kwenye kompyuta, kila mtu aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. Angalizo: mkiunganisha kwa squash (komiti zote kuwa moja) au rebase (komiti kuandikwa upya juu ya tawi kuu), hashi hubadilika na ile mliyoiandika haitakuwepo tena kwenye tawi kuu. Ongezeni hashi baada ya kuunganisha, kwa PR ndogo ya pili.

PR za watu zilizobaki wazi zitagongana na upangaji huo mpya. Wape hatua hizi kwenye maoni ya kila PR: unganisha kwenye tawi lako komiti ya kwanza, ile yenye mipangilio, sakinisha toleo jipya, endesha amri zilezile mbili, uweke komiti, halafu `git merge -X ours` na komiti ya pili. Kwa kuwa pande zote mbili zimepangwa na toleo moja, migongano itakayotokea itachukua upande wa mchangiaji, na kazi yake itabaki salama.