Ndama tuliyemwita Deni

Mleta uzi anataka kuanzisha biashara jamii (biashara inayolenga kuwainua wanyonge, si faida tu) ya mafuta ya nazi Pangani, na anauliza kama biashara za namna hiyo zinamtoa mtu kwenye umaskini kweli au ni miradi ya wafadhili iliyobadilishiwa jina. Wengi mmemjibu kwa Muhammad Yunus na Benki yake ya Grameen, ile ya kukopesha maskini kule Bangladesh, hadi Nobeli ya Amani ya 2006. Sawa wakuu. Mimi nitajibu kwa ng'ombe, maana ndiye aliyenisomesha.

Nimekulia Muheza. Miaka ya 1990 mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Pesa hupewi. Unajenga banda, unapanda majani, unahudhuria mafunzo, ndipo unaletewa mtamba (jike ambaye hajawahi kuzaa) mwenye mimba. Deni unalipa kwa ndama jike wa kwanza, naye haendi ofisini, anakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Baada yetu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, tukimwita Mama Mkubwa.

Ng'ombe wetu akazaa dume. Uzao wa pili, dume tena. Dume hulipi nalo deni, na maziwa linanyonya. Nilidhani Mama Mkubwa atanuna. Wapi! Alianza kupita alfajiri na mzigo wa majani kichwani, anautua bandani kwetu, anamkagua mnyama ndani ya masikio na chini ya mkia kutafuta kupe wanaoleta ugonjwa wa ndigana, kisha anamgeukia mama: "Mdogo wangu, wiki hii hujamwogesha. Ndigana ikimpiga huyu imenipiga na mimi." Uzao wa tatu ukawa jike. Tukamwita Deni. Siku ya kumpeleka, mama alishika kamba mwenyewe, na Mama Mkubwa alikuwa kwenye kizingiti toka asubuhi, kajifunga kanga mpya kama anapokea mkwe.

Baadaye nimefanya kazi kwenye taasisi ya mikopo miaka minne. Sijawahi kuona afisa mikopo anayemletea mteja majani.

Lakini ng'ombe peke yake asingetufikisha mbali. Masika majani yanajaa, kila nyumba ina maziwa, na mchuuzi wa baiskeli aliyekubembeleza kiangazi sasa anakupangia bei au hapiti kabisa. Kilichotuokoa ni kituo cha kukusanyia, kilichopokea masika na kiangazi. Unafika na ndoo mapema, wanatumbukiza kipima (kikizama kupita kiasi, umetia maji), wanachanganya maziwa kidogo na spiriti, yakiganda unarudi nayo nyumbani ukagandishe mtindi. Tulikuwa tunawalaani wale vijana, ila ukali wao ndio uliofanya maziwa ya mnyonge wa Muheza yauzike hadi Dar. Na kiwanda cha maziwa, Tanga Fresh, kilikuwa na mkono wetu pia: wafugaji walikuwa na hisa kupitia chama chao kikuu cha ushirika, TDCU. Mchuuzi alilipa shilingi mbili tatu kila siku, zikaishia kwenye chumvi. Kituo kililipa kwa mkupuo, na mkupuo ndio unaolipa ada.

Sasa upande ambao kwenye ripoti haukai vizuri. Kitabu cha kituoni kilikuwa na jina la baba. Mama alikata majani, alikamua, alibeba ndoo. Mwisho wa mwezi baba alikwenda kuchukua hela. Mwezi mmoja alirudi na redio. Nzuri kweli, kaseti mbili, na mimi nikarudishwa nyumbani toka shule kwa kukosa ada. Maziwa ya jioni, ambayo kituo hakikuyachukua, ndiyo yaliyokuwa ya mama. Aliyauza kwa kikombe pale mlangoni, akanunua mafuta ya taa na madaftari. Ukiniuliza umaskini wa nyumba yetu ulipunguzwa na maziwa yapi, nitasema ya jioni, ingawa kwa lita yalikuwa machache.

Na wale maskini kabisa hawakuingia. Ng'ombe wa maziwa anakula kilo arobaini na zaidi za majani mabichi kwa siku; asiye na shamba atayapanda wapi? Waliishia kutukatia sisi majani kwa ujira. Walipata chochote, siwezi kukataa, lakini jina lao halikufika kwenye orodha.

Kwa hiyo mleta uzi, kwenye andiko lako umeeleza mashine, chupa na lebo. Sijaona ni nani atanunua mafuta hayo mfadhili akishaondoka. Na wale akina mama ishirini watakaokuna nazi, hela zao zitaingia kwenye simu ya nani?