Kasoro ya Injini: Lini Ni Hasara na Lini Ni Hatari

Mtu anayetaka kununua gari la mtumba hapa Mombasa, kabla hajaenda yadi kulitazama, huliandika jina lake kwenye simu na kusoma yaliyosemwa na waliotangulia kulimiliki. Hapo ndipo hofu inapoanza, kwa sababu atasoma kwamba injini ya gari hilo inakula oili, kwamba nyingine imewanokia wenyewe kabla ya kilomita laki moja, na kwamba ya tatu huzima njiani bila sababu inayojulikana. Jamaa na majirani wameniuliza mara nyingi kama gari lenye sifa ya namna hiyo ni la hatari kweli au ni maneno tu. Nimeendesha magari ya mitumba katika barabara za Pwani kwa miaka mingi, nikasimama kando ya mafundi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na jibu langu ni kwamba kasoro nyingi za injini huumiza mfuko, chache zinaweza kuondoa roho, na hizo chache hazitambuliki kwa wingi wa malalamiko wala kwa ukubwa wa gharama ya kuzitengeneza.

Injini inayokula oili, kwa mfano, inalalamikiwa sana, na ni haki ya mwenyewe kulalamika. Lakini mwenye gari hilo akipima oili kila wiki kwa kile kijiti na kuongeza inapopungua, anaweza kuliendesha muda mrefu bila kumdhuru mtu yeyote. Kwa upande wa pili, mpira wa petroli uliopasuka kidogo juu ya ekzosi hugharimu pesa chache kuubadilisha, na huenda hakuna aliyewahi kuandika malalamiko juu yake, lakini unaweza kuliteketeza gari pamoja na waliomo ndani. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza kasoro hii inamnyang'anya dereva kitu gani akiwa katika mwendo, na kama inatoa ishara kabla ya kumnyang'anya.

Tuchukue ile inayowatisha watu zaidi, ya injini kuzima gari likiwa linakwenda. Katika magari mengi ya petroli, wepesi wa pedali ya breki hutokana na mvutano wa hewa unaotengenezwa na injini na kuhifadhiwa katika busta, kifaa kinachoisaidia pedali ya breki. Injini ikizima, busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili kwa wepesi. Baada ya hapo pedali huwa ngumu, lakini breki zenyewe hazijafa, na ukikanyaga kwa nguvu zote za mguu gari litasimama, ingawa litahitaji nafasi ndefu zaidi. Usukani nao huwa mzito, hasa mwendo unapopungua. Kwa sababu hiyo nawasihi wote ninaowafundisha wasipampu breki injini inapozima, bali wakanyage mara moja kwa uthabiti na kushikilia, wawashe taa za hazadi, walielekeze gari pembeni wakati bado lina mwendo, na wasiuchomoe ufunguo mpaka gari lisimame kabisa, kwa maana kuuchomoa kunaweza kuufunga usukani.

Uzito wa tukio hilo hutegemea sana mahali linapotokea. Injini ikizima katika foleni ya Kongowea, utapigiwa honi na kusukumwa kando na vijana. Ikizima kwenye mteremko wa kuingia feri ya Likoni, watu wanapopita kwa miguu mbele na nyuma yako, lazima breki ya mkono iwe inashika kweli, na hapo ndipo ubovu mdogo wa breki ya mkono uliopuuzwa kwa miaka unapogeuka balaa. Ikizima usiku karibu na Taru au Mackinnon Road, kwenye barabara kuu ya Nairobi, wakati umeshatoka upande wako kulipita trela na taa za basi zinakuja mbele, basi huna la kufanya ila kumwomba Mungu. Anayeendesha Nyali hadi mjini na anayekwenda Nairobi kila mwezi, safari ya kilomita zipatazo 480, hawawezi kupewa ushauri mmoja juu ya gari moja.

Wapo waliolipuuza jambo hili wakiwa na elimu na mitambo ya kutosha, na kisa chao kinafaa kujulikana hata na wasiowahi kuliona gari lao. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, yarudishwe kurekebishwa, kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kuteleza yenyewe kutoka mahali pake na kuizima injini barabarani. Ndani ya kampuni kasoro hiyo ilikuwa imejulikana kwa takriban miaka kumi, lakini ilihesabiwa kuwa usumbufu kwa mteja na si suala la usalama, kwa hoja kwamba gari lililozimika bado linaweza kukatwa kona na kusimamishwa. Hoja hiyo ilikuwa kweli nusu. Walichokosa kukiona ni kwamba swichi ilipoteleza, mifuko ya hewa, ile inayofumka kuwakinga abiria gari linapogonga, nayo ilikatiwa umeme, na gari lilipogonga mifuko haikufumka. Mfuko wa fidia uliofunguliwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Tangu nilipokisoma kisa hicho, nikisikia gari linazima lenyewe sitosheki na habari ya injini peke yake. Nataka kujua kama taa za dashibodi nazo zilizima wakati huo, kwa sababu hilo huonyesha kwamba shida huenda iko kwenye ufunguo au nyaya za umeme.

Kisa cha pili ni cha injini yenyewe. Mwaka 2015 Hyundai iliyaita magari yapatayo 470,000 ya Sonata huko Marekani, ya miaka ya 2011 na 2012, kwa sababu vipande vidogo vya chuma vilibaki ndani ya krankshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, wakati wa utengenezaji katika kiwanda cha Alabama. Vipande hivyo viliweza kuzuia oili isifike kwenye beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti hiyo, beringi zikaanza kugonga, na mwisho injini ikashika na kuzima. Mwaka 2017 yakaitwa mengine zaidi ya milioni moja, ya Hyundai na ya Kia, na katika baadhi ya magari ya injini hizo konrodi iliyokatika ilitoboa bloki, yaani mwili wa injini, oili ikamwagikia vyuma vya moto na gari likashika moto. Ni hatari isiyo na shaka, lakini injini nyingi za aina hiyo zilianza kugonga kabla ya kufa. Anayeusikia mlio ule wa chuma kugonga unaoongezeka kadiri aksileta inavyokanyagwa, akasimama na kuita gari la kukokota, hupoteza injini peke yake. Anayeongeza sauti ya redio ili afike nyumbani ndiye anayeikaribisha hatari.

Kisa hicho kinafundisha jambo jingine kuhusu kusoma habari za kasoro. Jina la gari halitoshi. Gari lenye jina lile lile lililouzwa Marekani linaweza kuwa na injini tofauti kabisa na lile lililotoka Japani kuja bandari ya Kilindini, na mitumba mingi tunayoiendesha ni ya soko la Japani. Wifi yangu wa Bamburi aliwahi kukaribia kuliacha gari zuri kwa sababu alisoma malalamiko marefu juu ya injini ambayo haikuwemo ndani yake. Tulifungua boneti, tukasoma kibati cha namba ya chesisi na aina ya injini, na mjadala ukaisha pale pale. Vilevile, wingi wa malalamiko haupimiki bila kujua wingi wa magari yenyewe. Gari linalojaa barabarani kama Toyota Probox litakuwa na wanaolilalamikia wengi hata kama ni imara, na gari adimu litaonekana safi kwa sababu wenyewe ni wachache.

Sasa nije kwenye kasoro ambayo kwetu Pwani naiona kuwa mama wa nyingine, nayo ni joto. Tunaishi usawa wa bahari, hewa ni ya moto, ekondishoni inafanya kazi mchana kutwa, na anayetoka mjini hutambaa nyuma ya matrela Kibarani na Changamwe kabla ya kuanza kupanda kuelekea Mazeras na Mariakani. Juu ya hayo, wengi hujaza rejeta maji ya kisima, ambayo kwetu mara nyingi yana chumvi, nayo huila rejeta na njia za maji ndani ya injini kimya kimya. Tena kuna mazoea ya fundi kuitoa thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, na kuitupa, akisema nchi ya joto haiihitaji. Thamostati ikiganda imefungwa ni kweli gari huoveheti, yaani hupata joto kupita kiasi, na dawa yake ni kuweka mpya. Kuiondoa hakuiponyi rejeta iliyoziba wala feni iliyokufa, kunaahirisha tu siku ya kujulikana.

Injini iliyooveheti kwa kawaida huishia kwenye gasketi ya silinda hedi, nayo ni gharama, si msiba. Msiba hutokea pale dereva anaposimama kando ya barabara na kukimbilia kufungua kifuniko cha rejeta. Maji yaliyomo ndani yamebanwa yakiwa na joto linalozidi la kuchemka kwa kawaida, na kifuniko kikilegea hurukia uso na kifua. Nimemwona kijana aliyeungua hivyo, na sisahau. Zima injini, subiri mpaka uweze kuigusa rejeta kwa mkono bila kuuondoa, na kama una haraka, acha gari upande matatu. Jueni pia kwamba magari mengi madogo ya siku hizi hayana mshale wa joto, yana taa tu, na kwamba maji yakimwagika yote, sensa inayobaki hewani huenda isisome joto la kweli. Ukiona taa nyekundu ya joto au ya oili, usiseme utafika kituo kinachofuata.

Taa ya manjano ya injini ni habari nyingine. Ikiwaka bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, panga kulipima kwa mashine wiki hiyo. Ikipepesa, injini inakosa kuwaka katika silinda fulani na petroli mbichi inakwenda kwenye ekzosi, ambako huweza kuichoma katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, na kuleta joto kali chini ya gari. Punguza mwendo na utafute gereji siku hiyo hiyo. Kwa mnunuzi, taa hii ina ushahidi mwingine. Washa ufunguo bila kupiga stata na uhakikishe kwamba taa hiyo imewaka kwanza, kwani isipowaka kabisa huenda mtu ameing'oa ili usiione.

Harufu ya petroli sitaifanyia mapatano hata kidogo. Jirani yangu alipeleka gari lake gereji moja upande wa Kisauni akaambiwa, "Mama, hiyo ni kawaida ya gari la zamani, lete mwisho wa mwezi." Nilimsihi asiliwashe tena. Fundi mwingine alikuja nyumbani, akakuta mpira umepasuka na petroli inatiririka karibu na ekzosi. Pamoja na petroli naweka moshi wa ekzosi unaoingia ndani ya gari, kwa sababu ile gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na watu hukaa na watoto katika foleni ya feri, madirisha yamefungwa, injini inanguruma kwa ajili ya ekondishoni. Mtoto akilalamika kichwa kila mnapopanda gari na kupona mnaposhuka, lichunguzeni gari kabla ya kumpa mtoto dawa. Na moshi ukitoka chini ya boneti, zima injini, toa watu wote, simameni mbali. Boneti usiifungue wazi, maana hewa itauongezea moto nguvu.

Kuna hatari ambazo husemwa ni za injini ilhali ziko miguuni mwa dereva. Mwaka 2009 na 2010 Toyota iliyaita mamilioni ya magari baada ya ripoti za magari kwenda mbio yenyewe, na watu wengi waliamini kwamba kompyuta ya injini ndiyo iliyokuwa na wazimu. Wataalamu wa NASA walioombwa kuichunguza hawakupata ushahidi kwamba umeme wa gari ndio uliosababisha, na taarifa yao ilitolewa Februari 2011. Kilichothibitika ni kapeti zilizonasa pedali na pedali zilizokwama. Nasi hapa tunapanga kapeti ya mpira juu ya kapeti ya asili, wengine na ya tatu. Iondoe ya juu leo. Na aksileta ikinasa, tia nyutro na ushike breki, hata injini ikipiga kelele namna gani.

Mwisho, anayelikagua gari kwa hofu ya injini asiiache mifuko ya hewa. Mifuko iliyotengenezwa na Takata, iliyofungwa katika Toyota, Honda, Nissan, Mazda na nyingine nyingi, ilitumia kemikali ambayo huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, kisha mfuko unapofumka huweza kurusha vipande vya chuma kwa aliyekaa mbele yake. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu mwaka mzima. Tovuti za Kijapani za watengenezaji hukubali namba ya chesisi na kuonyesha kama gari lina wito wa kurudishwa kurekebishwa ambao haujatekelezwa, uwe wa mifuko au wa injini. Mwombe mwenye yadi namba hiyo kabla ya kulipa amana, na akikunyima, nenda yadi nyingine.