"Uwe wa haraka" ni haraka kiasi gani?

SWALI: Tunaunda mfumo wa chama cha akiba na mikopo. Mteja anataka "uwe wa haraka na upatikane muda wote". Masharti ya namna hii tuyaandikeje, na tuyaweke wapi kwenye orodha ya kazi?

JIBU: Yageuzeni namba kwanza. Mfano: "Maombi 95 kati ya 100 ya kuangalia salio yajibiwe ndani ya sekunde 2, watumiaji 300 wakiwa ndani kwa pamoja." Wastani msiuamini. Maombi 90 yakijibiwa kwa nusu sekunde na 10 kwa sekunde 20, wastani ni sekunde 2.45, mtu mmoja kati ya kumi ameshakata tamaa.

"Muda wote" nako kuna bei. Asilimia 99.9 inaruhusu mfumo kuzimika dakika 43 kwa mwezi wa siku 30, asilimia 99.5 ni saa 3 na dakika 36. Mwonyesheni mteja tofauti ya gharama (seva ya pili, mtu wa zamu usiku), kisha achague mwenyewe.

Kasi na usalama viingie kwenye vigezo vya kila kazi kuhesabiwa imekamilika. Mkiviandikia kadi moja kwenye orodha ya kazi, itasukumwa chini kila wiki. Kadi ya peke yake inafaa kwa kazi kama kufunga seva ya pili.

Jaribuni na data ya ukubwa halisi. Jedwali la miamala lisilo na faharasa (orodha inayoielekeza hifadhidata moja kwa moja rekodi ilipo) hujibu upesi likiwa na rekodi 500. Zikifika milioni 2, hifadhidata huzipitia zote kutafuta salio moja.