Ndizi mbivu za kuoka bila sukari

Dada yangu, umeuliza kitindamlo cha matunda cha kuoka, kisicho na sukari, na huna oveni. Oka ndizi mkono wa tembo. Chagua zilizoiva hadi ganda limeanza kuwa jeusi; hapo utamu wake unatosha, huhitaji hata kijiko cha sukari. Ndizi ikiwa bado ngumu, isubiri siku mbili, usiifunike kwa asali.

Menya 3, zipasue kwa urefu, zipange kwenye sufuria uliyoipaka mafuta kidogo. Mimina kikombe 1 cha tui la kwanza, iliki 4 zilizotwangwa na chumvi kidogo sana. Funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama unavyooka mkate wa kumimina. Moto wa chini ukizidi, tui linashika na kuungua kabla ndizi hazijapata rangi, kwa hiyo chungulia baada ya dakika 15. Ziko tayari tui likiwa zito na kingo zimekuwa za kahawia.

Kama kuna mwenye kisukari nyumbani, mpe kipande kidogo tu: ndizi mbivu ina sukari yake.