Mkutano wa watu wa ribritha: niende au nisiende?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nazamia kwa skuba ya kawaida, ile ya mtungi wa hewa mgongoni, mwaka wa nne huu, nimeshafikisha mizamio kama 80. Sasa rafiki zangu wawili wananing'ang'aniza twende wote kwenye mkutano wa watu wa ribritha, ile mashine ya kuzamia inayokurudishia pumzi yako badala ya kuimwaga majini, siku tatu, kuna madaktari, wakufunzi, watengenezaji na mashine zenyewe za kushika kwa mkono. Wasiwasi wangu ni kwamba hata kuivaa sijawahi, nitakaa pale sielewi kitu. Halafu nasikia siku hizo kunakuwa na punguzo la bei, je ninunue hapo hapo? Naomba ushauri wako.
Mzamiaji wa mapovu

JIBU: Nenda mdogo wangu, tena usisite. Ila kabla hujaenda elewa kwanza hii mashine inafanya nini, ukishaelewa hapo mada nyingi za huko hazitakupita.

Hewa unayovuta ina oksijeni asilimia 21, ukiitoa bado ina kama 16, yaani mwili umechukua kidogo tu na skuba yako inayobaki yote inaimwaga majini ndo hayo mapovu. Ribritha haimwagi. Pumzi yako inaingia kwenye mfuko, inapita kwenye chujio lenye punje za chokaa zinazonasa hewa ukaa, inaongezewa ile oksijeni mwili uliyotumia, unaivuta tena. Fikiria uko mita 30 ambako presha ni bar 4, yaani mara nne ya juu ya maji, kama juu ya maji unavuta lita 20 kwa dakika basi kule chini unamaliza lita 80 za mtungi kila dakika, wakati mwenzako wa ribritha mwili wake unatumia kama lita moja tu ya oksijeni, awe mita 5 awe mita 50. Ndo maana wanakaa chini masaa, na samaki wanawasogelea kwa sababu hakuna kelele za mapovu.

Sasa hatari yake nayo inatokea humo humo. Kile kinachokufanya uhisi unabanwa pumzi siyo oksijeni kupungua, ni hewa ukaa kujaa mwilini. Ribritha inaiondoa hewa ukaa, kwa hiyo oksijeni ikipungua mwili haukupi taarifa yoyote, unajisikia vizuri tu mpaka unapozimia. Ikizidi nayo, unaweza kushikwa na mtikisiko kama wa kifafa ukaachia kipande cha mdomoni ukiwa chini. Na chujio likichoka unaanza kuhema, akili inavurugika, muda ule ule ambao unatakiwa ukumbuke kuhamia mtungi wa akiba. Haya matatu, oksijeni kupungua, oksijeni kuzidi na hewa ukaa kujaa, ndo utakayoyasikia siku zote tatu.

Mi mkutano wangu wa kwanza nilienda kwa ajili ya mashine, nikazishika zote, nikauliza uzito, nikauliza betri. Leo vingi nimesahau. Kilichobaki kichwani ni mzee mmoja aliyepanda jukwaani na karatasi yake ya ukaguzi, ile ya plastiki unayoifunga kwenye mashine, imechubuka pembeni, mistari yote imewekwa alama ya penseli isipokuwa mmoja. Huo mmoja ulikuwa wa kufungua valvu ya oksijeni. Alisema alipofika hapo mtu akaja kumsalimia, wakaongea kidogo, akarudi kwenye karatasi na kuendelea na mstari unaofuata. Akaingia majini, bado yuko juu juu anaogelea kuifuata kamba, mwenzake akamshika mkono akamsogezea usoni skrini ya mashine ya huyo mzee, presha ya oksijeni inasoma bar 0.17 na inashuka, wakati hewa ya kawaida tu pale juu ni 0.21. Alamu ilikuwa inapiga, anasema hakuisikia kabisa. Na huyu alikuwa mkufunzi, siyo mwanafunzi. Ukumbi ulinyamaza, halafu watu wakaanza kunyoosha mikono, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na la kwake.

Hicho ndicho cha kufuata kule, ndugu yangu. Hii mikutano ilianza kwa sababu hiyo hiyo. Ule wa kwanza wa Rebreather Forum, mkutano wa kimataifa wa watu wa ribritha, ulifanyika Key West, Florida, mwaka 1994 wakati mashine hizi ndo zinaanza kutoka jeshini kuja kwa raia, ukafuata wa Redondo Beach, California, 1996, kisha Orlando 2012, na wa nne Valletta, Malta, Aprili 2023. Daktari wa Australia, Andrew Fock, alipokusanya taarifa za vifo vya miaka ya 1998 hadi 2010 alipata 181, na makadirio yake ni kwamba hatari ya kufa kwa mzamiaji wa ribritha ni kama mara 10 ya yule wa skuba ya kawaida. Inaumiza kusoma, maana wengi mashine zao hazikuwa mbovu, mtu aliruka hatua, au aliona kitu hakiko sawa akaingia majini hivyo hivyo. Ndo maana Orlando walisisitiza sana karatasi ya ukaguzi, isomwe kweli, kila mara, hata na bingwa.

Kwa hiyo kikao cha ajali kaa mbele. Mapumziko ya chai mfuate mtu mwenye masaa mengi umuulize, "mara ya mwisho ilikuletea shida lini, na ulifanya nini?" Atakwambia, wale watu hawana uchoyo.

Kuhusu kununua hapana, siyo siku ile. Mafunzo ya ribritha yanaenda kwa mashine, cheti cha aina hii hakikuruhusu kuvaa aina ile, kwa hiyo tafuta mwalimu kwanza, halafu angalia wenzako unaozama nao wanatumia nini, halafu uliza sensa, yaani vipimo vya oksijeni vya ndani ya mashine, na chokaa utavipata vipi. Sensa za oksijeni zinachakaa hata zikikaa kabatini, mwaka mmoja au na nusu hivi unabadilisha, na mashine nyingi zina tatu ili moja ikidanganya uione. Ukipewa ofa ya mtumba angalia tarehe za sensa kabla ya kitu kingine chochote.

SWALI: Kaka, mume wangu ndo mtu wa ribritha, anataka twende wote mkutanoni. Mi hata kuogelea sijui. Kuna changu huko kweli?
Mama Wawili

JIBU: Dada yangu kipo, tena kikubwa. Kaa kwenye kikao cha madaktari, utajua dalili za mtu aliyetoka majini hayuko sawa, utajua kwamba anapewa oksijeni mapema na anapelekwa hospitali hata kama yeye mwenyewe anasema amechoka tu. Wengi wanakataa kwa aibu, na wewe ndo unayemjua shemeji anavyoongea akiwa mzima. Halafu lingine dogo lakini naliona la maana sana, kumbuka yule mzee niliyemtaja hapo juu. Ukiwa naye ufukweni au botini na umemwona ameshika ile karatasi, usimsemeshe, na anayekuja kumsalimia mzuie kwa upole mpaka amalize.

SWALI: Tunafundishwa kupumua kwenye mashine dakika 5 kabla ya kuingia majini, je hiyo inatosha kujua chujio liko sawa? Nataka nikaulize mkutanoni ila naona haya.
Msomaji

JIBU: Uliza bila haya, ni swali zuri na lina majibu. Watafiti wa New Zealand waliwakalisha watu 20 wakapumua dakika hizo 5 bila kujua ndani kuna nini. Chujio lilipokuwa halipo kabisa, 15 waligundua wakaacha. Walipoliharibu kidogo tu, waliogundua ni 2. Kwa hiyo hizo dakika 5 ziendelee, zinakuonyesha oksijeni inaongezwa na sensa zinasoma, lakini chujio usilithibitishe kwa mapafu yako.

Chujio linathibitishwa mezani unapolijaza. Mimina punje taratibu, gonga ubavu wa kopo zishuke, ongeza, gonga tena, mpaka ukilitikisa karibu na sikio husikii kitu kinacheza ndani, maana pakibaki uwazi hewa ukaa inapita humo bila kuguswa. Pitisha kidole kwenye mpira wa kuziba uone hauna punje wala unywele. Kisha bandika utepe juu ya kopo, andika tarehe na masaa liliyotumika, na ukisahau kuandika, mwaga ujaze upya.